Kuhamisha Kifungu cha Riwaya Jukwaani: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Maigizo

Kikundi cha maigizo kinapochukua kurasa chache za riwaya ili kuzionyesha jukwaani, jambo la kwanza linalofanyika mara nyingi ni kumfukuza msimulizi. Maneno yaliyo ndani ya alama za usemi hunakiliwa, maelezo yote hufutwa, na kinachobaki ni watu wawili wanaosemezana sentensi fupi ambazo hazina uzito wowote, kwa sababu uzito wake ulikuwa katika maelezo yaliyofutwa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unamchukulia msimulizi kuwa mali kubwa kuliko zote ambazo riwaya inalipatia jukwaa, na unaonyesha, hatua kwa hatua, jinsi ya kumpa mwili, sauti na sababu ya kusema.

Hatua ya kwanza: kuchagua kifungu

Kifungu kinachofaa kuigizwa si lazima kiwe kile ambacho wasomaji wanakipenda zaidi. Kurasa zinazosifiwa kwa uzuri wa lugha mara nyingi ni za mandhari au za tafakuri, ambamo hakuna mtu anayetaka chochote kwa mwenzake. Tafuta mahali ambapo mhusika mmoja anahitaji kitu kutoka kwa mwingine, huyo mwingine ana sababu ya kukataa, na kabla ya kifungu kwisha jambo limekwisha kubadilika kiasi kwamba haliwezi kurudi lilivyokuwa. Ukishindwa kueleza badiliko hilo kwa sentensi moja, acha kifungu hicho, hata kama moyo unakipenda.

Kuhusu urefu, kurasa nne hadi sita za kitabu cha kawaida zinatosha kwa onyesho la robo saa au zaidi kidogo. Wengi hukadiria muda kwa kusoma kimya, nao hushtuka mazoezini wanapogundua kwamba mchezo una urefu maradufu, kwa kuwa mwigizaji anatembea, anasubiri kujibiwa na ananyamaza. Soma kifungu chote kwa sauti huku saa ikiwa mbele yako, kisha uongeze nusu ya muda ulioupata. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni kesi ya Karama katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Waziri Majivuno anamshtaki Karama mbele ya mfalme na baraza la nchi ya Kusadikika kwa kueneza mafunzo ya uanasheria, naye Karama anajitetea kwa siku sita akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ambao waliporudi na mawaidha ya kuifaa nchi waliadhibiwa badala ya kushukuriwa. Kwa mtazamo wa haraka, kinachostahili kupelekwa jukwaani ni mashtaka yenyewe, kwa kuwa ndimo yalimo makabiliano ya wazi. Mimi naona kwamba hazina imo katika masimulizi ya mjumbe mmoja, ilimradi baraza linalosikiliza lisikae kama mawe. Watu wa baraza wainuke mmoja mmoja, waingie ndani ya hadithi ya Karama na kuigiza watu wanaotajwa humo, hata wale wanaomtia mjumbe gerezani, kisha warudi kwenye viti vyao kuendelea kumhukumu msimulizi. Hapo hadhira itayaona, bila kuelezwa, makosa ya watawala wa Kusadikika yakitendwa na mikono ileile inayoshika hatima ya Karama. Kurasa ambazo msomaji aliziona kuwa hotuba ndefu zinakuwa tendo.

Chagua mjumbe mmoja tu. Kikundi kinachotaka kuwaonyesha wote sita katika saa moja kitawataja wote na hakitamwonyesha hata mmoja.

Hatua ya pili: ruhusa

Kugeuza riwaya kuwa mchezo ni haki ya mwenye hakimiliki, hata kama kinachochukuliwa ni kurasa nne tu na hata kama hakuna kiingilio mlangoni. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo kwa kazi za fasihi inalinda haki hiyo mpaka miaka 50 ipite baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Zipo nafuu kwa matumizi ya kufundishia, lakini usichukulie kwamba zinafika mpaka kwenye onyesho la hadhara. Ofisi za hakimiliki za kuuliza ni COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, na mlango wa kwanza wa kubisha ni wa mchapishaji ambaye jina lake limo katika ukurasa wa ndani wa kitabu.

Barua ya kuomba ruhusa itaje toleo la kitabu, kurasa zinazohusika, idadi ya maonyesho, ukumbi, tarehe, kama kuna kiingilio, na kama onyesho litarekodiwa. Kurekodi ni jambo la peke yake na huhitaji ruhusa yake. Ikiwa riwaya ni tafsiri, mfasiri naye ana haki katika maneno yake, hata kama mwandishi wa asili alifariki zamani. Barua ipelekwe kabla ya mazoezi kuanza, kwa sababu kikundi ambacho kimekwisha kukariri maneno hakina nafasi ya kujadiliana.

Hatua ya tatu: kusoma na kutia alama

Kichape kifungu upya kwenye karatasi, kwa nafasi pana kati ya mistari, badala ya kufanya kazi juu ya kitabu. Kazi ya kukichapa inaonekana kuwa ya ukarani tu, lakini ndiyo inayokulazimisha kupita kwenye kila neno, na ni wakati huo unapogundua kwamba mhusika uliyedhani anazungumza sana kumbe ana sentensi mbili.

Kisha chukua penseli na utenge mambo manne: yanayosemwa, yanayotendwa, yanayoonekana na yanayowazwa. Lugha yetu inasaidia sana katika kazi hii. Mfululizo wa vitenzi vyenye -ka-, kama vile akainuka, akafungua, akatazama, ni orodha ya vitendo vya jukwaani ambayo mwandishi amekwisha kukupangia. Sentensi zenye alikuwa amekaa au walikuwa wakingoja zinachora hali ambayo hadhira inapaswa kuikuta tayari taa zinapowaka. Vitenzi vyenye hu- vinaeleza mazoea, nayo mazoea ni magumu kuyaonyesha kwa kitendo kimoja, kwa hiyo mara nyingi hubaki kwa msimulizi.

Panapoandikwa kwamba mtu alijiuliza, alijiambia, alihofu au alikumbuka, tia alama nzito. Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Hatua ya nne: kuamua msimulizi ni nani

Ipo njia ya kumwondoa msimulizi kabisa na kuiandika hadithi upya kuwa tamthilia yenye majibizano yake yenyewe. Amandina Lihamba aliifuata katika Hawala ya Fedha, tamthilia ya mwaka 1980 inayotokana na kisa cha Ousmane Sembène cha mzee wa Dakar anayetumiwa pesa na kushindwa kuzichukua kwa kukosa kitambulisho. Njia hiyo inadai mwandishi wa tamthilia aliyekomaa, anayeweza kubuni maneno mapya yatakayosimama bila aibu karibu na ya mwandishi wa asili, na inahitaji nafasi ya mchezo mzima. Kwa kifungu cha kurasa tano haifai sana, kwa sababu utatumia nusu ya muda kueleza mambo ambayo msimulizi angeyasema kwa sentensi moja.

Njia ya pili ni kumbakiza msimulizi pamoja na nafsi yake ya tatu na wakati wake uliopita. Nchini Marekani, Robert Breen wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi na akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1978. Frank Galati, aliyefundisha katika chuo hichohicho, aliipeleka riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath, jukwaani kwa kundi la Steppenwolf la Chicago mwaka 1988, na onyesho hilo likafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na kupata tuzo ya maigizo ya Tony mwaka 1990. Sisi hatukuhitaji kungoja Chicago. Mtambaji wa hadithi amekuwa akifanya hivyo tangu zamani: anasimulia habari za sungura, anakuwa sungura, anamwacha sungura na kuwageukia wasikilizaji wamwitikie, kisha anarudi kuwa sungura, bila mtu yeyote kuchanganyikiwa. Ebrahim Hussein aliuleta utambaji huo kwenye tamthilia iliyoandikwa alipotoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976. Kikundi kinachotaka kujifunza jinsi mtu mmoja anavyoweza kulijaza jukwaa kwa masimulizi kianze na kitabu hicho.

Ukimbakiza msimulizi, una maamuzi ya kufanya. Anaweza kuwa mtu mmoja aliye nje ya tukio, na hii inafaa pale ambapo sauti ya riwaya inajua kila kitu na ina msimamo wake. Anaweza kugawanywa kati ya waigizaji wengi, na hii inafaa pale ambapo simulizi inabeba macho ya mtaa au kijiji. Au mhusika mwenyewe anaweza kujisimulia kwa nafsi ya tatu, akisema akaogopa huku akiogopa, na hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote pale ambapo mhusika anaficha jambo. Si lazima uchague moja na kuishika mpaka mwisho, lakini kila unapohama kutoka moja kwenda nyingine, iwepo sababu ndani ya tukio.

Swali la kuuliza juu ya kila sentensi ya msimulizi ni hili: nani anaisema, anamwambia nani, na kwa nini aiseme sasa hivi? Sentensi isiyojibu swali hilo itasikika kama taarifa ya habari.

Hatua ya tano: kuandika mswada wa jukwaa

Ili kazi ionekane, hapa pana kifungu kifupi kilichoandikwa kwa ajili ya mwongozo huu:

Bi Mwanaidi aliisikia honi ya basi kabla hajaliona. Alikuwa amekaa kibarazani tangu alasiri, kikapu cha maandazi kikiwa miguuni pake, na kila basi lililopita alijiambia kwamba hilo silo. Mwanawe alikuwa ameandika kwamba angefika Ijumaa, lakini hakuandika Ijumaa ipi. Majirani walikwisha kuacha kumwuliza. Basi liliposimama, akashuka kijana mmoja aliyevaa shati jeupe, mwembamba kuliko ilivyompasa kuwa, na Bi Mwanaidi akainuka, akaketi tena, akajifanya anahesabu maandazi.

Hakuna hata neno moja la majibizano humo. Anayefuta maelezo atabaki na karatasi tupu. Sasa tuwape majirani kazi ya kusimulia, kwa kuwa wametajwa, na kwa kuwa kuacha kwao kuuliza ni sehemu ya uchungu wa mama huyu:

JIRANI WA KWANZA (kwa hadhira): Bi Mwanaidi aliisikia honi ya basi kabla hajaliona.

(Honi kwa mbali. Bi Mwanaidi anainua uso.)

JIRANI WA PILI (kwa hadhira): Alikuwa amekaa kibarazani tangu alasiri, na kila basi lililopita alijiambia kwamba...

BI MWANAIDI: Hilo silo.

JIRANI WA KWANZA: Mwanawe alikuwa ameandika kwamba angefika Ijumaa.

BI MWANAIDI (akimkazia macho): Ijumaa.

JIRANI WA PILI (kwa hadhira, kwa sauti ya chini): Lakini hakuandika Ijumaa ipi.

(Kimya. Jirani wa Kwanza anafungua kinywa kumwuliza Bi Mwanaidi jambo, anasita, anaigeukia hadhira.)

JIRANI WA KWANZA: Majirani walikwisha kuacha kumwuliza.

(Basi linasimama. Kijana anashuka.)

BI MWANAIDI (kwa hadhira): Mwembamba kuliko ilivyompasa kuwa.

JIRANI WA PILI: Bi Mwanaidi akainuka.

(Anainuka.)

BI MWANAIDI (akijiamuru): Akaketi tena.

(Anaketi.)

BI MWANAIDI: Akajifanya anahesabu maandazi. Moja. Mawili. Matatu.

Tazama yaliyofanyika. Wazo lililokuwa katika usemi wa taarifa, kwamba hilo silo, limegeuzwa kuwa usemi halisi bila kufuta hata neno moja. Kikapu na shati jeupe vimeondoka katika maneno kwa sababu hadhira inaviona. Wembamba wa kijana umebaki katika maneno, ingawa nao unaonekana, kwa sababu ilivyompasa kuwa ni hukumu ya mama, na hukumu haionekani kwa macho. Kilichoongezwa ni neno Ijumaa, ambalo mama analirudia, na ile hesabu ya mwisho. Navihesabu kuwa nyongeza halali, kwa kuwa vyote vimo tayari ndani ya sentensi za asili.

Muhimu zaidi, akaketi tena amepewa mama mwenyewe. Jirani akiisema sentensi hiyo, tunapata mwanamke anayetazamwa. Mama akiisema kabla ya kuketi, tunamwona akijizuia kukimbilia kituoni, na kwa maneno mawili tunaelewa miezi yote ya kungoja. Jaribu sentensi za namna hii vinywani mwa watu mbalimbali wakati wa mazoezi kabla ya kuamua, kwa sababu karatasi haitakuonyesha tofauti.

Hatua ya sita: kupunguza bila kuvunja

Punguza kwanza yanayorudiwa, kisha yanayoonekana, kisha wahusika wanaopita tu. Usipunguze kwa kufupisha kila sentensi kidogo kidogo, maana njia hiyo huua mwendo wa lugha ya mwandishi na kuacha maneno yasiyo yake wala yako. Ni afadhali kuondoa aya nzima na kuiacha inayofuata ikiwa nzima. Mpangilio wa matukio nao uheshimiwe. Ukitaka kuanza na mwisho na kurudi nyuma wakati mwandishi hakufanya hivyo, jiulize kama tukio linadai kisengerenyuma hicho au kama unafunika udhaifu wa kifungu ulichokichagua.

Hadhira haijasoma kurasa zilizotangulia. Andika utangulizi wa sentensi mbili au tatu usemwe na msimulizi yuleyule wa tukio, kwa lugha inayokaribiana na ya riwaya, ukiwataja watu kwa majina na uhusiano wao. Mtu wa kutoka nje ya mchezo anaposoma utangulizi kutoka kwenye karatasi, watu huendelea kuzungumza na kutafuta viti mpaka amalize.

Katika mswada, maneno yako mwenyewe yaandikwe kwa namna inayotofautiana na ya mwandishi, kwa mfano kwa kupigiwa mstari. Mwenye hakimiliki ana haki ya kujua ni yapi, na wewe pia utahitaji kujua pale onyesho linapolegea mahali fulani.

Hatua ya saba: kuandikia sikio

Msomaji wa riwaya akipotea hurudi mstari mmoja nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Katika Kiswahili hatari kubwa ni viambishi vya nafsi. Sentensi kama alimwambia kwamba amemwona akimpa inasomeka vizuri kwenye ukurasa ambao majina yametajwa juu kidogo, lakini ukumbini inawaacha watu wakiulizana nani alimpa nani, tena bila msaada wowote wa kutambua kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Rudisha majina. Pale ambapo jina lingeharibu mdundo, elekeza mwigizaji amtazame au amwonyeshe anayetajwa anapotamka kitenzi.

Sentensi ndefu zisiogopwe. Mwandishi aliyejenga sentensi ya mistari sita alikuwa na sababu yake, na mwigizaji mwenye pumzi nzuri anaweza kuibeba, lakini lazima ajue kitenzi kikuu kiko wapi na akielekee. Weka alama za pumzi katika mswada. Sentensi ikishindikana hata baada ya mazoezi, igawe kati ya waigizaji wawili kwenye kiungo chake cha asili, kama vile lakini, ingawa au mpaka, badala ya kuikata na kuifanya sentensi mbili.

Lafudhi na lahaja ni suala la uaminifu. Mhusika anayesema Kimvita au Kiunguja kitabuni asisawazishwe ili asikike kama mtangazaji. Kwa upande mwingine, mwigizaji asibandikwe lafudhi ambayo mwandishi hakuiandika kwa ajili ya kuchekesha watu tu.

Hatua ya nane: vifaa, maleba na mahali

Hapa hakuna mengi. Kifungu cha riwaya kinachosimuliwa hakihitaji kuta wala milango, kwa sababu maneno yanavijenga. Kigoda kimoja, kitambaa kinachoweza kuwa kanga, mtoto mchanga au jamvi, na kifaa kimoja halisi ambacho tukio linakizunguka, mathalani kile kikapu, vinatosha. Sauti kama honi, mvua au adhana zitolewe na waigizaji wenyewe pale inapowezekana. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya wasimulizi yasiwatenge na wahusika, hasa ikiwa mtu mmoja anafanya kazi zote mbili.

Hatua ya tisa: mazoezi

Zoezi la kwanza lifanyike wakiwa wameketi, na kila mtu awe na kifungu cha asili pamoja na mswada. Waigizaji wakisome cha asili kwanza. Watauliza kwa nini sentensi fulani imeondolewa, na mara nyingine watakuwa na haki.

Baada ya hapo, kazi kubwa ya mwongozaji ni macho. Kila mwigizaji anaposimulia, ajue anamtazama nani: hadhira nzima, mtu mmoja katika hadhira, mhusika anayezungumziwa, au hamtazami mtu kwa sababu anakumbuka. Macho yakizagaa, masimulizi yanakuwa kisomo cha darasani, hata maneno yawe mazuri vipi. Fanyeni zoezi zima wakati fulani mkishughulikia macho peke yake, bila kujali kama maneno yanakosewa.

Mahali ambapo waigizaji wanakwama kila mara, usiwalaumu haraka. Mara nyingi ni pale sentensi ilipopewa mtu asiyehusika, au pale kitendo kinapotangulia neno wakati kilipaswa kulifuata. Mwigizaji akisema akafungua mlango na kuufungua papo hapo, tunapewa habari ileile mara mbili. Akisema na asifungue, tunapata shaka. Akifungua kwanza, akaona kilichomo, ndipo aseme, neno linabeba kile alichokiona.

Mwite mtu ambaye hajasoma riwaya aje kwenye zoezi mojawapo la mwisho, na baadaye umwombe akusimulie alichokiona. Usimwulize kama amependa. Sikiliza ni majina gani ameyachanganya, ni lini alijua nani ni mama wa nani, na ni wapi masimulizi yake yanaruka. Mahali hapo ndipo pa kurudi na penseli, na kama kinachokosekana ni sentensi ya mwandishi uliyoifuta, irudishe ilivyokuwa.